Risala ya kilabu ya sayansi kwa mgeni wa heshima, siku ya wazazi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo na karibuni sana. Tumefurahi mmefika licha ya hii mvua na jam ya Jogoo Road.

Mheshimiwa, sisi ndio kilabu ya sayansi na muhula huu kazi yetu kubwa imekuwa moja tu, picha zinazoonekana namna mbili. Tunaomba uangalie hapo ukutani. Ule mchemraba ni mistari 12 ya chaki, basi. Ukodolee macho kidogo, utaona ule upande uko mbele unaenda nyuma na wa nyuma unakuja mbele, alafu unageuka tena, na hakuna mtu amegusa hiyo chaki. Huyu mchoro una jina la Necker, msomi wa Uswisi ambaye alikuwa anachunguza fuwele za madini na akaandika juu ya jambo hili mwaka wa 1832.

Sasa swali lenye lilitugawanya kwa kilabu hadi watu wakawa hawakai dawati moja ni hili, ni jicho linageuza ama ni ubongo?

Wale wa jicho walikuwa na hoja nzuri kusema ukweli. Jicho halitulii, linaruka kutoka sehemu moja hadi ingine karibu mara 3 kila sekunde, na kile kipande linaona wazi kabisa ni kidogo tu, ukinyoosha mkono uangalie kucha ya kidole gumba ni kama hapo. Kwa hivyo ukiangalia kona hii, kona hii inakuja mbele, ukihamia ile ingine nayo inakuja mbele, na hata Necker mwenyewe alidhani ni mahali unakazia macho ndio kunaleta hayo mabadiliko. Tuliweka simu kwa stendi tukarekodi macho ya wenzetu wakiangalia huo mchoro, na mtu akisema "imegeuka" tunaangalia video jicho lilikuwa limeenda wapi. Mara nyingi lilikuwa limehama kweli. Lakini mara zingine lilikuwa limetulia tu.

Wale wa ubongo wakaleta jaribio ambalo wanasayansi walishafanya zamani. Tulikata mistari ya mchemraba kwa katoni, tukaweka taa kali nyuma yake, mtu anakazia macho nukta moja katikati kisha tunazima kila kitu. Ule mwanga unabaki umeganda kwa jicho kama kivuli, ukiangalia kushoto unaenda kushoto, ukiangalia juu unaenda juu, yaani huwezi kuhamia kona ingine juu picha yote inatembea na jicho. Na bado unageuka! Hapo ndio tukakubaliana, macho kuhama kunasaidia, lakini mwenye uamuzi ako ndani zaidi.

Ndani wapi? Habari za macho zinafika sehemu ya ubongo iko hapa kisogoni, ndio zinapanda mbele. Mwaka wa 1997 wanasayansi Sheinberg na Logothetis walichapisha kazi yao na nyani, kila jicho la nyani linaonyeshwa picha yake tofauti, hizo picha zinaonekana kwa zamu, na nyani amefunzwa kuvuta kishikio kusema anaona gani saa hiyo. Kwa zile sehemu za mwanzo za kisogoni, seli zinazofuata kile nyani anasema anaona ni chache, lakini ukienda kwa sehemu za ndani zinazotambua vitu, karibu seli 9 kati ya 10 zinabadilika pamoja na anachokiona. Picha ni zile zile, jicho ni lile lile, lakini seli zimebadilisha wimbo. Sisi tuliposomewa hii na mwalimu wetu hatukutaka kengele ilie.

Mheshimiwa, hilo jambo la kila jicho na picha yake lilielezwa na Mwingereza Wheatstone mwaka wa 1838, na sisi tulilijaribu na karatasi za peremende, nyekundu jicho moja, kijani jicho lingine, unaangalia ukuta mweupe. Watu wengi wanaona rangi zinapokezana, nyekundu inashinda kidogo, kijani inarudi, saa zingine zinachanganyika vipande vipande. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili akasema yeye anaona nyekundu tu. Tukabadilisha karatasi, akaona kijani tu. Mwalimu akaita mzazi wake, akapelekwa kliniki ya macho, ikapatikana jicho lake la kushoto ni dhaifu tangu utotoni na ubongo umekuwa ukiliacha nje miaka yote hiyo, na yeye hakuwahi kujua juu hajawahi kuona namna ingine. Daktari alisema ingekuwa bora angeletwa akiwa mdogo zaidi, hapo ndipo matibabu yanashika vizuri.

Hiyo ndio imefanya tukuletee maombi yetu, na la kwanza si la kilabu. Tunaomba utusaidie wanafunzi wote wa hii shule wapimwe macho, na pia watoto wa shule ya msingi tunapakana nayo, tukianzia na wale wa chekechea. La pili, tunaomba kamera moja inayorekodi haraka kuliko simu, juu jicho linaruka kwa muda mfupi sana na video zetu zinatoka ukungu. La tatu, tunaomba utufungulie mlango tutembelee Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo, tuone ubongo wa kweli, juu mpaka sasa tunausoma kwa mchoro wa kitabu.

Karatasi za peremende ziko kwa meza ya kwanza pale labu. Tunaomba wewe na wazazi wote mpitie pale kabla ya chakula, mjaribu macho yote yakiwa wazi, kila jicho na karatasi yake, na mtu akiona rangi moja tu atuambie.

Asante sana mheshimiwa.

Ni sisi wanakilabu wa sayansi.