Uwanja wa Vita ni Kibanja cha Mtu: Risala ya Klabu ya Urithi, Mutukula, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu wapendwa,
Mwenyekiti wa bodi ya shule,
Viongozi wa dini na viongozi wa serikali za mitaa,
Wazee wetu mliokubali kuketi safu ya mbele leo,
Wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Shikamooni, na karibuni sana Mutukula.

Mheshimiwa, kengele iliyotuita ukumbini uliisikia. Haikuundwa iwe kengele. Ni ganda la kombora, shaba tupu, urefu wake kama mkono wa mtoto wa darasa la tatu. Limetobolewa juu, likapitishwa waya, likatundikwa kwenye mwembe wa mbele ya ofisi. Mdomo wake umebonyea upande mmoja. Chini kuna tarakimu, lakini miaka yote hii vidole vya wanafunzi vimezisugua hata hazisomeki tena. Aliyelileta shuleni ni mzee mmoja wa kijiji hiki. Alilichimbua akipanda migomba, mwaka aliorudi kutoka ukimbizini akakuta nyumba yao haipo. Yuko nasi hapa, safu ya mbele, mwenye kanzu nyeupe. Ganda hilo ndilo lililozaa klabu yetu. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mwalimu wa historia limetoka wapi, mwalimu akasema, "Nendeni mkamuulize mwenyewe." Tulikwenda, na hatujaacha kwenda tangu siku hiyo.

Mutukula ya leo, mji wetu wa Uganda ulio mpakani na Tanzania, ni mji wa malori. Ni foleni ya mizigo, wabadilisha fedha na mabunda yao, bodaboda, na watu wanaovuka asubuhi kununua mchele Tanzania wakarudi kula mchana Uganda. Mpita njia hana habari kwamba anakanyaga nini. Hapa palikuwa na gereza, ambamo mwishoni mwa mwaka 1971 walifungwa wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliokuwa wametumikia serikali ya Rais Milton Obote iliyopinduliwa na Idi Amin, na wengi wao hawakutoka hai. Hapa ndipo walipopita wapiganaji wa Obote tarehe 17 Septemba 1972 kwenda kuishambulia Masaka, wakashindwa. Hapa tena, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka kuingia Kagera, mkoa wa Tanzania. Waliua, wakapora ng'ombe na mabati, wakalipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wake kwamba uwezo wa kumpiga wanao, sababu wanayo, na nia wanayo.

Januari 1979 majeshi ya Tanzania yakaichukua Mutukula. Jenerali David Musuguri wa jeshi hilo, aliyefariki mwaka 2024, alibaki na jina la utani la Jenerali Mutukula mpaka uzeeni. Sisi watoto wa hapa tuliposikia kwamba jina la mji wetu lilikuwa jina la jenerali tulijisikia wakubwa.

Lakini wazee wetu walitusisitiza kuwa kuna jambo tusiliruke hata kama mgeni ni mkubwa kiasi gani. Mji huu ulisawazishwa. Baada ya kutekwa, majengo yalibomolewa kwa buldoza, na baadhi ya raia waliokuwa hawajakimbia waliuawa, kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Nyerere alipopata habari alichukizwa, akaamuru raia wasiguswe tena katika safari yote iliyobaki. Hatulisemi hili kuwaaibisha majirani zetu. Wengi wetu tuna mama au bibi wa upande wa pili, na mjomba anayevuka kuja harusini. Tunalisema kwa sababu bibi mmoja alituambia, "Mkiandika ya Amin peke yake, mimi msiniandike." Tumemwandika, na ya kwake yote tumeyaandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka jana klabu ilisafiri hadi Lukaya. Tulitaka kuona mahali palipopiganwa tarehe 10 na 11 Machi 1979, vita vikubwa kuliko vingine vyote katika njia ya Kampala. Wengi wanaijua Lukaya kwa kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma. Taksi haijasimama vizuri, mishikaki imeshaingia dirishani. Ukitoka hapo kuelekea Kampala, barabara inapita juu ya tuta, na kulia na kushoto ni kinamasi cha Lwera na mafunjo yake. Ndipo mwalimu alipotuonyesha kwa mkono: huku vifaru na magari ya deraya ya Amin pamoja na askari wa Libya aliotumiwa na Gaddafi, kule Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo jioni ile ya kwanza ilirudishwa nyuma. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka mbali, ikatembea gizani ndani ya maji na matope, na alfajiri ikatokea nyuma yao kwenye barabara ya Kampala. Waliokuwa juu ya tuta wakabanwa pande mbili. Walikufa mamia, Waganda na Walibya. Kuanzia hapo njia ya kuelekea mji mkuu ilikuwa imefunguka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Tulisimama pale tukitafuta alama yoyote. Tulichokiona ni mashimo ya mchanga yaliyojaa maji, mapana kuliko uwanja wetu wa mpira, na malori yakipandisha mchanga barabarani huku maji yakichuruzika nyuma yake. Upande mwingine ni mashamba ya mpunga. Watu wanajenga nyumba, na mpunga ni chakula. Hatumlaumu kibarua mwenye koleo. Hata hivyo mchanga ule ukishapakiwa haurudi, na hakuna aliyetuambia kama kuna mtu huangalia kinachotoka pamoja nao. Mzee mmoja wa pale alisema vifaru vilivyobaki vilikatwakatwa zamani vikauzwa kwa vyuma chakavu. "Mimi mwenyewe nilikula kifaru," alisema, akimaanisha aliuza kipande chake akanunua unga. Hakucheka, wala sisi hatukucheka.

Tukiwa Lukaya tulijifunza jambo lingine, nalo linahusu lugha hii tunayosomea risala. Tulimsalimu bibi mmoja kwa Kiswahili, akarudisha kiti chake nyuma. Baadaye, tulipobadilisha tukamsalimu kwa Kiganda, alitueleza. Neno la kwanza la Kiswahili alilolijua maishani mwake lilikuwa "lala chini". Alilisikia kwenye kizuizi cha barabarani, akiwa na mtoto mgongoni, na hakujua maana yake, akabaki amesimama. Aliyemvuta akalala alikuwa mwanamke asiyemjua. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Buganda Kiswahili kilibaki lugha ya askari na ya wezi. Na bado lugha hiyohiyo ndiyo iliyohifadhi kumbukumbu. Bibi huyo aliyesema hajui Kiswahili alitutajia "saba saba", mizinga ya maroketi iliyosikika mbali. Akatutajia "bakombozi", yaani wakombozi, askari wa Tanzania. Akatutajia "panda gari", misako ya miaka ya 1980 ambayo vijana walipakiwa malorini na wengine hawakurudi. Hata siku ya jeshi letu la taifa inaitwa Tarehe Sita, kwa shambulio la waasi wa Museveni kwenye kambi ya jeshi ya Kabamba, tarehe 6 Februari 1981. Historia ya vita ya nchi hii imelala ndani ya Kiswahili. Kuna wanaokuja kutuuliza kwa nini klabu yetu inaandika kwa Kiswahili katika wilaya ya Kyotera. Jibu letu ni huyo bibi.

Safari yetu ya pili ilikuwa fupi: tulivuka mpaka, tukapita Kyaka na Bukoba hadi Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa Tanzania. Wamelala zaidi ya 600, wamepangwa mistari kama gwaride, nyasi zimekatwa, na kuna wa kuwatunza. Mmoja wetu, ambaye babu yake alikuwa askari wa jeshi la Amin na hakurudi kutoka njia hii ya Masaka, alitembea kaburi kwa kaburi bila kusema neno. Ndani ya basi ndipo aliposema, "Babu yangu hana hata jiwe." Basi zima likanyamaza hadi mpakani.

Hilo ndilo tunalotaka kukuambia, Mheshimiwa, kuliko yote. Walioshinda wana Kaboya. Walioshindwa walikuwa watoto wa watu, wengine waliandikishwa wakiwa na umri mdogo kama wetu, na walizikwa pale walipoanguka, chini ya migomba na chini ya mafunjo. Wanaojua mahali ni wenye mashamba. Mama mmoja hapa karibu amelima kibanja chake miaka zaidi ya arobaini, na kuna pembe moja ambayo jembe lake halijaigusa. Ameotesha maua, basi. Hakuna aliyemwagiza. Hajui majina yao, wala kabila lao. Kila mwaka hupalilia pale kwa mikono. Huyo ndiye mhifadhi wa uwanja wa vita, na halipwi hata senti.

Tulimuuliza kwa nini hajasema kwa viongozi. Alituangalia akasema, "Nikisema kuna mifupa, kesho wataniambia kibanja ni cha serikali." Hofu hiyo tumeikuta nyumba kwa nyumba. Watu wananyamaza kwa sababu wameona ardhi ikienda kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwingine alipelekea ofisi fulani taarifa ya handaki lililokuwa shambani mwake, akaambiwa arudi na barua, akarudi na barua, akaambiwa asubiri, mwisho akalifukia akapanda mihogo. Sisi tulichelewa wiki chache tu.

Ndugu zetu wa kaskazini wametutangulia. Huko Barlonyo, karibu na Lira, ambako waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliwaua watu zaidi ya 300 kambini tarehe 21 Februari 2004, walionusurika wanakutana mahali palepale kuwakumbuka wafu wao. Kule Kitgum kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi kumbukumbu na amani. Huku kusini vita ni vya zamani zaidi, na mashahidi wetu wanaondoka. Tangu tuanze kuandika tumezika watano. Wa mwisho tulikuwa tumemwahidi kurudi Jumamosi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaleta kwako maombi. Tunayo sheria ya makumbusho na minara ya kumbukumbu ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Tunaomba utufikishie ujumbe kwa wahusika, waje Mutukula na Lukaya, wapime na kuandikisha: mahali palipokuwa gereza, mahandaki yaliyobaki, tuta la Lwera kabla mchanga haujalizunguka. Lakini wasije na kamba ya kupimia kabla hawajaja na neno. Kwanza wakae chini ya mwembe na wenye vibanja, wawaambie kwa maandishi, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kwamba atakayeonyesha kaburi hatapoteza shamba, na kwamba kama kipande kitahitajika atalipwa haki yake. Neno hilo likiaminika, makaburi yatajionyesha. Lisipoaminika, hata waje na wataalamu mia, wataonyeshwa mihogo.

Tunaomba pia vinasa sauti viwili na kabati la chuma la kufunga. Kwa sasa tunarekodi kwa simu ya mwalimu, ambayo ikipigiwa katikati ya simulizi hukata, na mzee akishakatwa haanzi tena palepale. Madaftari yetu manne yanakaa kwenye boksi la sabuni, na mchwa wameshatembelea moja. Tunaomba wataalamu wa jeshi waje watufundishe kutambua vyuma vya hatari. Wadogo zetu tumewaambia wakiona chuma wasichokijua wasikiguse, wamwite mtu mzima, lakini sisi wenyewe tunasema tusichokijua sawasawa.

Na jiwe moja. Sio mnara mkubwa. Tunaomba jiwe la kuweka hapa shuleni, kando ya mwembe wa kengele, lenye maneno machache kwa ajili ya wote waliokufa katika ardhi hii: wafungwa wa gereza, raia wa Mutukula na wa Kagera, askari wa pande zote. Mwenzetu wa basi ameomba ahusike kulichonga. Babake ni fundi wa makaburi.

Mheshimiwa, mzee mwenye kanzu ana ombi lake binafsi, na tumemwahidi kulisoma kama alivyolisema. Anataka, kabla hujapanda gari, akupeleke mwenyewe mahali alipolichimbua ganda la kengele. Anasema kuna la pili, aliliacha humohumo, na hajawahi kumwonyesha mtu. Nasi ametukataza kusogea. Atasimama nawe mbali kidogo, akuonyeshe kwa fimbo. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na mvua ya jana imelowesha njia ya migombani. Gambuti tumekuazimia, ziko mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Urithi,
Mutukula, wilaya ya Kyotera.