Wanaouza mwamko wasome ukurasa wa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na watu wanaowauzia vijana wetu "mwamko wa kiroho" kwenye simu. Wanakitumia vibaya kitabu cha kale ninachokipenda, kiitwacho Siri ya Yohana, na madhara yake yameshafika mezani kwangu.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu hapa Morogoro. Napokea tasnifu za wanachuo, misahafu na Biblia zilizochanika mgongo, rejista za parokia, na siku hizi makaratasi ambayo vijana wanayachapa kutoka mtandaoni wakitaka yashonwe yawe kitabu. Humo ndimo nilimokutana na majina ambayo sikutegemea kuyaona karakana kwangu: Yaldabaothi, maarkoni, Barbelo, Sofia. Mafundisho yanayoyazunguka ni mafupi. Dunia ni gereza. Aliyeiumba ni mtawala mwongo, si Mungu wa kweli. Walio wengi wamelala na hawataamka. Wachache wana cheche ya nuru ndani yao, na wewe ukitaka kujua kama umo katika hao wachache, tuma elfu thelathini uingizwe kwenye kundi la darasa.

Mama wa mmoja wa vijana hao, muuza ndizi sokoni, alikuja na bahasha ya karatasi za mwanawe. "Kaka, nisomee humu kumeandikwa nini. Mwanangu ananiambia mimi ni mtu wa udongo, eti hatuwezi kuelewana tena. Hata chakula changu hali." Nilimsomea, nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza. Akauliza kama ni dini au ni ugonjwa. Barua hii ndiyo jibu refu ambalo sikuwa na nafasi ya kumpa pale kwenye benchi.

Maneno hayo ni ya Wagnostiki, watu walioandika na kufundisha tangu karne ya 2 huko Misri, Shamu na Roma. Kwa muda mrefu tulichokijua juu yao kilitoka kwa wapinzani wao, hasa Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, aliyeandika mnamo mwaka 180. Kisha mwaka 1945, ng'ambo ya Mto Nile kutoka mji wa Nag Hammadi, Misri ya juu, wakulima wakachimbua mtungi. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya mafunjo, yaani karatasi za matete, vilivyoandikwa kwa Kikoptiki, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri. Inasimuliwa kwamba mama wa aliyevigundua alichukua kurasa kadhaa akawashia tanuri la mikate. Zilizobaki zilitosha: kodeksi 13, yaani vitabu vya kale vya kurasa, zikiwa na maandishi zaidi ya 50, ambazo leo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kikoptiki mjini Cairo. Tafsiri kamili ya Kiingereza, iliyosimamiwa na James M. Robinson, ilitoka mwaka 1977. Nakala yake ililetwa kwangu na padri mmoja ikiwa imeachia gundi, akaniruhusu niisome kabla ya kuirudisha.

Kwa mtu wa kazi yangu, majalada ya vitabu vile ni ajabu. Ni ngozi ya mbuzi na kondoo, yenye ulimi wa kukunjia mbele na kamba za kufungia. Nyingi ya kodeksi hizo karatasi zake zimekunjwa zote pamoja mara moja tu na kushonwa katikati, kwa hiyo kurasa za ndani ilibidi zikatwe ziwe nyembamba kidogo kuliko za nje ili ukingo ukae sawa. Ngozi pekee ni laini mno, basi fundi akaishindilia kwa ndani mafunjo yaliyokwisha kutumika. Wataalamu walipoyafungua wakakuta hesabu za nafaka, mikataba na barua za watu. Katika jalada la kodeksi ya saba mlikuwa na karatasi zenye tarehe za miaka 341, 346 na 348, na humo humo barua ya mwanamke anayewaomba watawa wawili wamtafutie makapi ya kulishia wanyama wake. Napenda kila anayesema "wasioamka" alijue hilo. Maneno ya nuru isiyosemeka yamesimama karne zote hizi yakiwa yameegemezwa kwenye shida ya mwanamke mmoja ya makapi.

Na mnakili wa kodeksi ya sita ameacha ujumbe katikati ya ukurasa. Anasema amenakili hotuba hii moja, kwamba zimemfikia nyingi nyingine lakini hakuzinakili, akidhani huenda ndugu aliowaandikia wanazo tayari, asije akawalemea. Hakuna bei. Hakuna kundi la siri la kulipia. Kuna mtu mwenye kalamu anayewajali wenzake.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe, maana ndiyo inayokatwakatwa. Iko katika kile kitabu cha Siri ya Yohana, ambacho tunacho katika nakala nne, tatu za Nag Hammadi na moja ya Berlin. Juu ya yote yuko Roho asiyeonekana, ambaye hata kumwita mungu ni kumpunguza. Kutoka kwake linatokea Wazo lake la kwanza, Barbelo, kisha eoni, nguvu za nuru zinazokaa katika Utimilifu. Ya mwisho ni Sofia, yaani Hekima. Sofia akataka kuzaa peke yake, bila idhini ya Roho na bila mwenzake. Akazaa kiumbe kisichofanana naye, nyoka mwenye uso wa simba na macho yamemetayo kama umeme. Akamtupa nje, akamficha ndani ya wingu la nuru. Huyo ndiye Yaldabaothi. Alitwaa sehemu ya nguvu ya mama yake, akajifanyia watawala, ndio hao maarkoni, akatangaza kwamba yeye ni Mungu mwenye wivu wala hakuna mwingine. Mwandishi anadokeza hapo hapo kwamba kwa kusema hivyo aliwafichulia malaika wake kuwa mwingine yuko. Kama hayuko, anamwonea wivu nani?

Kisha wakamuumba Adamu. Nakala ndefu inawataja waundaji mmoja mmoja, kiungo kwa kiungo: huyu jicho la kulia, yule la kushoto, mwingine meno, mwingine kucha za miguu, mpaka idadi ya malaika inatimia 365. Mwili ukalala pale, umekamilika, haujongei. Ikabidi Yaldabaothi ampulizie pumzi usoni, asijue kwamba pumzi hiyo ndiyo nguvu ya mama yake. Adamu akainuka aking'aa, na waliomuumba wakamwonea wivu papo hapo, kwa kuwa akili yake ilizidi yao. Wakamshusha kwenye giza la mata, yaani vitu vya dunia hii, na kumfunga katika usahaulifu.

Makaratasi yote niliyoletewa kushona yanaishia hapo. Gereza limejengwa, mfungwa yumo, na mwalimu wa mtandaoni ameshika funguo.

Kitabu chenyewe kinaendelea. Sofia alishalia na kutubu hata kabla Adamu hajaumbwa, na Utimilifu wote ukamwombea. Wazo la kwanza linashuka gizani mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu linaingia hadi ndani ya gereza la mwili, linamwita aliyelala aamke katika usingizi mzito. Naye anaamka analia. Anajifuta machozi machungu na kuuliza ni nani anayemwita jina lake, na tumaini hili limemfikia kutoka wapi naye yumo kifungoni. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi na kila nikiusoma unanigusa upya. Aliyeamka hajivuni. Hamgeukii jirani kumwambia yeye ni udongo.

Kabla ya ukurasa huo Yohana anauliza swali ambalo mama yule angeliuliza: je, nafsi ambazo hazijajua zitakuwaje? Anajibiwa kwamba nafsi iliyosahau huwekwa imfuate nafsi nyingine yenye Roho wa uzima, na kwa njia hiyo huokoka. Adhabu isiyokoma imewekwa kwa waliojua kisha wakageuka. Kwa kipimo hicho cha kitabu chao wenyewe, anayepaswa kutetemeka ni mwalimu wa darasa, na muuza ndizi hana deni lolote.

Na mwisho kabisa, baada ya Yohana kuagizwa ayaandike hayo na kuwapa wenzake wa roho kwa siri, Mwokozi anatamka laana. Analaaniwa kila atakayeyabadilisha maneno haya kwa zawadi, au kwa chakula, au kwa kinywaji, au kwa mavazi, au kwa kitu kingine cha namna hiyo. Ndugu zangu mnaopokea elfu thelathini, laana hiyo imo katika kitabu kile kile mnachonukuu kila jioni. Mmeisoma mkaiacha, au hamjakisoma kitabu. Nataka kujua ni lipi.

Sisemi Wagnostiki wa kale walikuwa hawana doa. Kwa maelezo ya Ireneo, wanafunzi wa Valentinus, mwalimu aliyetoka Misri akafundisha Roma katika karne ya 2, waliwagawa watu mafungu matatu: wa roho, wa nafsi, na wa udongo. Kwa hiyo tusi alilotukanwa mama yule ni la zamani sana, na hata huko zamani lilikuwa baya. Mwanafalsafa Plotinus, ambaye hakuwa Mkristo, aliwajibu Wagnostiki waliohudhuria mafunzo yake Roma katika karne ya 3. Aliwauliza mbona hawafundishi uadilifu, na akasema kumtaja Mungu bila uadilifu wa kweli ni kutaja jina tupu. Aliwafananisha na mtu anayekaa ndani ya nyumba nzuri, anamlaumu aliyeijenga, na wala hahami.

Na wapo warithi wa mkondo huo walio hai hadi leo, ambao hakuna darasa la mtandaoni linalowataja: Wamandea wa kusini mwa Iraki na Khuzestan nchini Irani. Nao wanaamini roho imetoka kwenye ulimwengu wa nuru na itarudi huko. Lakini kwao kuoa na kuzaa ni wajibu, hata kwa makuhani, na ubatizo wao hufanywa tena na tena katika maji yanayotiririka. Vita na mateso baada ya mwaka 2003 viliwatawanya wengi wao hadi Sweden na Australia, na huko wanahangaika kupata mito ya kubatizia. Watu hao wamebeba imani hiyo karne nyingi bila kumwambia mzazi yeyote kwamba chakula chake ni mtego.

Kudharau mwili na familia si jambo la kuchezea. Waliokufa kwa kufunga kule Shakahola, Kilifi, hawakuwa Wagnostiki wala hawakumjua Yaldabaothi. Lakini walifundishwa kwamba shule, hospitali na mwili wenyewe ni mali ya adui, na mwaka 2023 ikaanza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400. Nikisikia kijana amekataa chakula cha mama yake kwa sababu ya mafundisho ya simu, siwezi kunyamaza nikisubiri yaishe yenyewe.

Nakiri kwamba hadithi hii ina nguvu kwa sababu. Kijana amemaliza chuo, ameandika maombi ya kazi hadi amechoka, amekopa kwenye simu na anatumiwa vitisho na watu asiowajua sura. Anachoonyeshwa kwenye skrini kimechaguliwa na mtambo asiouona. Ukimwambia kwamba kuna watawala wasioonekana wanaomshikilia, utamlaumuje akikuamini? Wale wa karne ya 2, waliokuwa chini ya himaya na watoza kodi wake, nao waliuliza: ikiwa Muumba ni mwema, mbona dunia iko hivi? Hilo ni swali la haki kabisa. Wachungaji, mapadri na masheikh wetu wanalimaliza kwa neno moja, "uzushi", kisha wanaendelea na matangazo. Ireneo, aliyelichukia fundisho hilo kuliko wao, aliwasoma wapinzani wake na kuwajibu kwa vitabu vitano.

Kwa hiyo Mhariri, naomba gazeti hili litenge ukurasa wa mwisho wa wiki, hata mara moja, wasomi wa vyuo vyetu vya theolojia wamweleze msomaji wa kawaida kitabu hicho kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Na kijana yeyote wa hapa Morogoro mwenye makaratasi ya Yaldabaothi ayalete karakana. Nitamshonea bila malipo, pamoja na kurasa zilizokatwa.

Fundi wa kujalidi vitabu,
Mji Mpya, Morogoro