YAH: MALALAMIKO KUHUSU SLABU ILIYOPASUKA SIKU ILE ILE ILIYOMWAGWA

Kwa Meneja Mkuu,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata ofisini kwenu. Mkataba mnao, na kifungu cha kulimwagilia zege siku saba mlikiandika wenyewe, kwa hiyo sitawarudisha huko.

Kwanza lisikieni hili. Nilikuja na picha za nyufa, na mhandisi wenu, mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi, akaniambia: "Mama, zege linapumua. Kapake rangi." Kisha akarudi kwenye simu yake.

Zege halipumui, linapoteza maji. Likishamwagwa, kokoto na saruji hutulia chini na maji kidogo hupanda juu, na hayo ndiyo yanayoukinga uso wake. Hapa Dodoma, mwezi wa Septemba, jua la mchana na upepo mnaoujua huyanyonya haraka kuliko yanavyopanda. Uso ukikauka, maji yaliyobaki kati ya chembe za saruji huzama kwenye vitundu na kuzivuta chembe hizo zikaribiane. Juu panasinyaa, chini bado pabichi hapasogei, na zege halijapata nguvu ya kuhimili mvuto huo. Linachanika. Wahandisi hufundishwa kwamba maji yakipotea kwa kasi ya kilo 1 kwa saa katika kila mita ya mraba, hatari imeshafika, na kwa zege lisilotoa maji mengi juu, hata chini ya hapo. Mhandisi wenu anayajua haya. Ndiyo maana jibu lake limenichoma.

Mliahidi gari la zege alfajiri, likafika jua likiwa utosini. Nilimsihi msimamizi wenu asubiri jioni, au walau afunike nailoni kila sehemu inapomalizika kusawazishwa. Nailoni niliinunua mwenyewe, ikabaki imekunjwa kando ya kokoto. Na kabla ya hapo dereva alishaingiza mpira wa maji kwenye tangi ili zege liteleze, kana kwamba hajui maji ya ziada hulipunguzia zege nguvu na kulisinyaza zaidi baadaye. Karatasi ya gari yenye saa ya kutoka kiwandani ninayo.

Kabla ya magharibi nyufa zilishajipanga sambamba, mshazari. Fundi wenu akanyunyiza saruji kavu, akasugua kwa mwiko mpaka zikafichika. Zimerudi zote. Leo barua yenu inasema msingi umetitia! Msingi gani huo unaopasua slabu mchana mmoja, mirunda ikiwa bado imeshika mbao na hakuna uzito wowote juu yake? Na katika siku zenu saba hakuja mtu. Magunia niliyalowesha mimi na wanangu.

Narudi ofisini kwenu, maana sijamaliza. Picha hakuzipokea, nilibaki nimezishika mkononi. Aliposema "kapake rangi", kijana wa mapokezi alicheka. Nikamuuliza mhandisi ni nani aliyepima joto na upepo kabla ya kumwaga. Hapo ndipo akainua macho akasema: "Mume wako yuko wapi, aje tuongee naye?" Benchi zima likanigeukia. Mkataba una jina langu. Fedha zilitoka kwenye akaunti yangu. Swali langu lilikuwa la zege, na hadi leo halijajibiwa.

Nilipoanza barua hii nilitaka mzibe nyufa kwa gharama zenu, basi. Sasa hiyo haitoshi. Nataka mhandisi asiye wa kwenu akate sampuli, apime kina cha nyufa na nguvu ya zege, mlipe nyinyi. Sampuli zikishindwa, slabu ibomolewe na imwagwe upya kwa fedha zenu. Malipo ya awamu ya mwisho nimeyazuia. Na huyo mhandisi aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina langu, si la mume wangu.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii, picha na karatasi ya gari vitafika Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wakili wangu ataelekea mahakamani. Msimtume mtu saiti kuja kupaka chochote juu ya nyufa hizo. Geti nimelifunga, na hatafunguliwa mtu kabla ya vipimo.

Mteja wenu,
Dodoma