Waya wa Land Rover ya zamani ukiyeyuka, tafuta chanzo kabla ya kuunga mpya

Land Rover 109 nyingi zinazoingia karakanani kwetu kwa tatizo la umeme zimeshapita kwa fundi mwingine. Waya ulioungua umekatwa, mpya umeungwa na kuzungushiwa solotepu, taa zikawaka, mwenye gari akalipa akaondoka. Haupiti muda mrefu, moshi unatoka tena chini ya dashibodi. Gari hizi tunazipenda na tunajua zilikotoka. Nyingi ni Series III, zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, na inatuuma kuona moja inateketea kwa kosa ambalo lingeonekana mapema.

Mahali waya ulipoyeyuka ni mahali joto lilipopita. Chanzo kinaweza kuwa hapo, au mita tatu nyuma. Kwa hiyo kabla ya kugusa koleo tunatazama umeyeyukaje. Ganda likiwa limelainika na kuvimba kwa urefu wake wote, kuanzia swichi kwenda mbele, waya huo umebebeshwa umeme kupita uwezo wake: kuna shoti huko mbele, au mzigo umeongezwa. Likiwa limeungua sentimita mbili tatu tu karibu na kiungio, na kwingine bado ni laini na linapinda vizuri, shoti hakuna. Kiungio kimelegea au kimeshika kutu, umeme unapita kwa shida, na ile shida inageuka kuwa joto. Fyuzi haikusaidii kitu kwenye hali hii ya pili, kwa sababu umeme unaopita ni uleule wa kawaida, pengine hata pungufu. Ndiyo maana tunawaomba wateja wasitupe vipande vilivyokatwa. Kipande cheusi cha waya kinatueleza mengi kuliko maelezo ya simu.

Tukiwa kwenye fyuzi: Series III ina fyuzi chache mno, na si kila waya unapita humo. Waya mnene wa kahawia una umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Nyaya za buluu za taa kubwa nazo kiwandani hazikuwekewa fyuzi. Shoti ikitokea huko, kinachokatika ni waya wenyewe. Tena fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, zilizoandikwa 35 hukatika umeme ukifika ampea 35, lakini kwa mfululizo zinabeba takriban 17 tu. Fyuzi nyingine ya kioo yenye namba ileile 35, ya mtindo usio wa Kiingereza, inabeba ampea 35 mfululizo bila kukatika. Inaingia vizuri kwenye kikasha, inafanana, na inaacha waya uungue. Kuhusu wanaozungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, tunasema wazi: tukiikuta tunaitoa, na gari haliondoki nayo.

Shoti tunaitafuta kwa balbu. Tunatoa fyuzi inayokatika, tunaunganisha balbu ya breki ya wati 21 mahali pake. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote, na umeme hauwezi kuzidi ampea 2, kwa hiyo hakuna kinachoungua wakati tunatafuta. Kisha mmoja anaitazama balbu, mwingine anapita na mkono kwenye nyaya, anatikisa, anachomoa kiungio kimoja kimoja. Balbu ikififia au ikizimika ghafla, mkono umefika.

Mara nyingi mkono unafika nyuma. Nyaya za taa za nyuma za gari hizi zinapita ndani ya chesisi yenyewe, zinatokea kwenye tundu lenye kizibo cha raba. Raba ikikauka na kuanguka, ukingo wa chuma unasaga ganda la waya kila gari linapotikisika, na tope lililojaa humo linamalizia kazi. Kwa nje huoni chochote.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita: ethi ya injini. Injini imekalia raba, kwa hiyo inategemea mkanda mmoja wa shaba kurudisha umeme kwenye chesisi na betri. Mkanda ukikatika au boliti yake ikishika kutu, stata bado inadai mamia ya ampea, na umeme unatafuta njia nyingine. Njia hiyo huwa kebo ya choki. Ukiona kebo ya choki inatoa moshi unapopiga stata, au imegandamana haivutiki tena, usinunue kebo mpya kabla ya kupima mkanda ule. Bodi nayo ni ya alumini juu ya chesisi ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu zinalana. Ukikanyaga breki ukaona indiketa zinawaka hafifu, ethi ya taa za nyuma imeshakufa.

Mzigo wa kuongeza ndio unaoua gari zilizokuwa nzima. Spotilaiti mbili za wati 100 zinakula karibu ampea 17. Zikiungwa kwenye swichi ya zamani bila rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa badala ya swichi ya dashibodi, swichi hiyo ya zamani inayeyuka kwanza. Alteneta ya awali, Lucas 16ACR, ilitoa ampea 34. Wengi wamefunga ya 65 au zaidi na kuacha waya uleule wa kahawia. Waya huo lazima ubadilishwe, hatuna mjadala hapo.

Moshi ukitoka ukiwa barabarani, simama, zima, ondoa kichwa cha hasi cha betri. Usipige ufunguo tena kujaribu. Kumbuka kwenye nyingi ya gari hizi tangi la mafuta liko chini ya kiti. Kizima moto cha unga kiwe mahali unapofika bila kuinama, na swichi ya kukata betri ni kitu cha kwanza tunachomshauri kila mwenye Land Rover kufunga, hata asipofanya kazi nyingine kwetu.

Kuhusu malipo: upimaji tunautoza kivyake, na bei ya matengenezo tunaitaja baada ya chanzo kuonekana na wewe kukionyeshwa. Ikiwa nyaya zimekauka kiasi kwamba ganda linapasuka ukilipinda, tutakushauri ubadilishe fungu zima, kwa rangi zilezile za Lucas, ili fundi yeyote atakayekuja baadaye aweze kuusoma mfumo wako. Njoo na gari likivutwa, betri ikiwa imeshaondolewa kichwa, na utuambie kila kitu kilichowahi kuongezwa: redio, king'ora, spotilaiti, chaja ya simu.