Anza na udongo, mwanangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kijana wa Morogoro aliyeandika katika ukurasa huu wiki iliyopita. Alisema amejenga reli ya mfano juu ya meza na treni inazunguka bila tatizo, ila kila anayeiona anasema inafanana na duka la vitu vya watoto. Akataja vilivyomo: stesheni ya Dar es Salaam, Ziwa Tanganyika la kioo, Kilimanjaro na theluji yake, kichwa cha mvuke kinapishana na treni ya umeme. Sasa amekata tamaa, anataka kuvunja.

Asivunje. Mimi ni mwalimu mstaafu, baba yangu alikuwa nyapara wa gengi, kundi la vibarua wanaotengeneza njia, katika reli ya Tanga, na huu ni mwaka wa tisa najenga kipande cha reli hiyo sebuleni kwangu. Kosa lake nililifanya na mimi.

Alitaka nchi nzima iingie mezani. Ubao wangu una urefu wa mita 2.4. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hizo ni kama mita 210 za ardhi ya kweli, umbali ambao baba alikuwa akiutembea na nyundo yake kabla chai haijapoa. Nikachagua mita 210 hizo kati ya Korogwe na Mombo, mwezi Februari, saa tisa alasiri, mwaka 1974. Tangu hapo kila kinachotaka kupanda ubaoni kinaulizwa swali moja: ulikuwepo pale, saa ile? Mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea misonobari ya plastiki kutoka Ujerumani, mizuri ajabu. Nilikuwa nimeipanda kando ya mbuyu. Niliing'oa yote, na iliniuma.

Kinachounganisha mandhari ni udongo. Baba alirudi nyumbani mwekundu kuanzia viatu hadi kope, na mama hakuwahi kumfulia shati jeupe likabaki jeupe. Kwa hiyo nilianza na udongo kabla ya nyumba na miti. Niliuchota Korogwe kwenyewe, nikaukausha juani, nikauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Kisha, kijana wangu, pitisha sumaku ndani yake mara tatu au nne. Utashangaa chembe nyeusi zitakazonasa. Hizo zikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni zitaiua. Gundi ya mbao iliyochanganywa na maji huukoleza rangi, basi ujaribu kwanza kwenye kipande cha boksi na usubiri kikauke.

Udongo huohuo uuendeleze juu ya kila kitu. Mimi husaga chaki nyekundu na ya kahawia, nikaipaka kwa brashi ya wanja: chini ya kuta, kwenye magurudumu ya mabehewa, kwenye mabati, kwenye majani ya miti iliyo karibu na njia. Kichwa changu cha mvuke ni cha rangi ya damu ya mzee, na kilipotoka kwenye boksi kiling'aa kama pete. Baada ya vumbi, kikawa cha pale.

Mkonge ulinichukua miaka miwili. Mche wenye kimo cha mita moja na nusu unakuwa milimita 17, na mlingoti wake wa maua wa mita 6 unafika sentimita 7. Nilikata karatasi iliyopakwa kijani chenye ukungu wa kijivu, kwa sababu mkonge si kijani cha mchicha, nikaupanda safu mbili mbili kama unavyopandwa shambani. Majani makavu ya Februari ni nyuzi za katani yenyewe, zimekatwakatwa. Milingoti niliweka saba tu. Ikizidi, jicho linahesabu badala ya kutazama.

Milima ya Usambara usijaribu kuijenga. Mlima unaopanda mita 1,000 juu ya tambarare ungetaka mita 11 na nusu za dari. Niliichora ukutani kwa buluu iliyofifia, na miti ya nyuma kabisa nikaifanya midogo kuliko ya mbele. Taa nayo iwe ya rangi moja, na rangi zako uzichanganye chini ya taa hiyohiyo.

Watu ni sita. Hakuna anayekimbia, maana anayekimbia bila kusogea huharibu kila kitu. Mmoja amekaa kwenye toroli la gengi, kofia ameiweka gotini. Huyo sihitaji kueleza ni nani.

Sasa nirudi kwako. Ulisema upana kati ya reli zako mbili ni milimita 16.5. Reli yetu ya kale ni ya mita moja, kwa kipimo chetu inataka kama milimita 12. Lakini milimita 16.5 ni sawasawa na SGR, reli mpya ya kisasa, yenye milimita 1,435! Reli ulizonazo ni za treni inayopita mjini kwako na kubeba abiria tangu Juni 2024. Basi toa kichwa cha mvuke, toa ziwa, toa theluji. Weka mataruma ya zege, nguzo za nyaya za umeme, uzio, na Uluguru ukutani na wingu lake. Udongo uuchote hapohapo Morogoro.

Ukishamwaga udongo, kabla hujaweka nyumba hata moja, piga picha. Mhariri akiridhia, aichapishe humu niione.

Mwalimu mstaafu,
Tanga