Unataka matofali yaanguke? Tuambie kwanza ni yapi

Wenye michezo ya kompyuta ya kujenga kwa matofali hutujia sisi, waandishi wa programu za fizikia ya michezo, na ombi lilelile: mnara ukilipuliwa uporomoke, gari alilounda mchezaji litembee, daraja likizidiwa uzito likatike. Kwa mchezaji mmoja hilo si gumu, maana injini (programu za kutengenezea michezo) kama Unity, Unreal na Godot huja na fizikia ndani yake, yaani hesabu za jinsi vitu vinavyosogea na kugongana. Ugumu huanza wachezaji 20 wanapoingia mji mmoja, na kila mmoja anataka kuona tofali lilelile limelala palepale.

Tupige hesabu. Tofali linaloanguka lina namba 3 za mahali lilipo na namba 4 za jinsi lilivyogeuka. Kila namba ikichukua baiti 4, jumla ni baiti 28. Mnara wa matofali 1,000 ukiporomoka, na seva, kompyuta inayowaunganisha wachezaji, ikatuma hali ya kila tofali mara 60 kwa sekunde, kila mchezaji anapokea megabaiti 1.68 kwa sekunde. Saa moja ya vurugu hizo inakula GB 6. Anayecheza kwa bando ataufuta mchezo wako kabla ya jioni.

Wapo wanaosema: basi tusitume chochote, kila kompyuta ijikokotolee, kanuni za fizikia si ni zilezile? Kanuni ni zilezile, ila hesabu za desimali zinaweza kutofautiana kidogo kutoka prosesa moja hadi nyingine. Tofauti ndogo mno inatosha kulifanya tofali ligonge ukingo badala ya ubavu, na baada ya sekunde chache wewe unaona kifusi kushoto, mwenzako anakiona kimeziba mlango. Na anayeingia mchezo ukiwa katikati bado atahitaji kutumiwa hali ya mji mzima.

Ndiyo maana muda wetu mwingi unaishia kwenye kupunguza vitu vinavyosogea. Gari la matofali 300 tunaliunganisha liwe mwili mmoja, na mahali na mgeuko wake vinabaki baiti 28 zilezile. Likigongwa, programu inatafuta matofali yapi bado yameshikana na kuligawa hapo tu. Kwa majengo tunaanzia kwenye msingi na kufuata viungo kwenda juu. Kisichofikika ndicho kinachoanguka. Kifusi kikishatulia tunakilaza: hakikokotolewi wala hakitumwi mpaka kiguswe. Vumbi na vipande visivyozuia njia tunaviachia kila kompyuta ivirushe itakavyo. Hakuna mchezaji atakayekaa kulinganisha vumbi.

Halafu kuna swali la nani mwenye kauli ya mwisho, na hapa tuna msimamo. Katika Roblox, jukwaa la kutengeneza na kucheza michezo ambalo mwanzilishi mwenza wake David Baszucki alikuwa ameshatengeneza programu ya kufundishia iitwayo Interactive Physics, kitu kilicho karibu na mchezaji kwa kawaida huweza kukabidhiwa kompyuta ya mchezaji huyo ikikokotoe. Usukani unaitika papo hapo. Ubaya ni kwamba mdanganyifu naye amekabidhiwa, na anaweza kuirushia seva taarifa za uongo. Kwa mchezo wa marafiki kujenga pamoja, tunakubali. Kwa mashindano tunakataa, hata mteja akisisitiza: seva iamue, kompyuta ya mchezaji ibashiri, na ikikosea irekebishwe taratibu.

Kubashiri huko hakuepukiki. Kutoka Mombasa hadi seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 6,000, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 kwa uchache, hata kama mkongo ungenyooka kama rula, nao haujanyooka. Hilo hakuna msimbo unaoweza kulifuta. Kusogeza seva karibu na wachezaji kunasaidia zaidi, na mara nyingine tunamshauri mteja aanze na hilo kabla hajatulipa sisi.

Ukija kwetu, tuletee mji mzito kuliko yote ambayo wachezaji wako wamejenga. Onyesho la matofali kumi halitusaidii, kumi huanguka vizuri hata kwenye simu. Tuambie wachezaji wako wako wapi na wangapi huingia kwa pamoja, kisha tutaulipua mji huo kwenye seva unayoilipia sasa, wewe ukitazama, ndipo tuzungumze bei.