Mama wa marehemu aachwe alie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nitajitahidi nisiwe mrefu, ingawa mwalimu mstaafu akishapewa chaki huwa hairudishi kirahisi.

Wiki mbili zilizopita tulizika kijana wa kijijini kwetu huku Bugabo, Bukoba Vijijini. Alikuwa dereva wa bodaboda, miaka 23. Mama yake alikaa kwenye nyasi pamoja na wanawake wenzake, analia. Hakuwa analia kwa kujionyesha. Alikuwa anataja jina la mwanawe, ananyamaza, analitaja tena. Mhubiri mmoja mgeni aliyekuwa ameshika kipaza sauti akamkatiza: "Mama, nyamaza. Hayo ni machozi ya wasio na imani. Aliyemkimbilia Mungu haogopi wala halii." Baadhi ya watu wakaitikia amina. Yule mama akajifunika kitenge usoni, sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira hizo ndizo zilizonikalisha kuandika. Mimi nimesoma Kiswahili cha kawaida tu, lakini najua kwamba ndani ya neno "kimbilio" kuna mbio, na mtu mzima hakimbii bila kitu cha kumtisha. Anayekwenda kwa Mungu polepole, huku anapunga mkono, huyo amekwenda kumsalimia.

Watu wa Kagera wanaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko la ardhi. Ilikuwa saa tisa na dakika 27 alasiri, nami nipo jikoni namenya ndizi. Nilisikia kwanza mngurumo, nikadhani ni lori la kahawa limeingia barabara yetu. Halafu sufuria zikaanza kugongana zenyewe. Niliporudiwa na akili nilikuwa katikati ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kisu mkono huu, ndizi iliyomenywa nusu mkono ule.

Sasa nifahamike vizuri: nimefundisha jiografia miaka 31. Nimechora Bonde la Ufa ubaoni mara zisizo na hesabu, tawi la mashariki kwa chaki nyeupe, la magharibi kwa chaki nyekundu, nikiwaambia watoto kwamba sisi tuko jirani na hilo jekundu, na kwamba ardhi ikitikisika mtu asikimbie ovyo. Nilikimbia ovyo. Na kisu.

Tena sikumwita Mungu. Nilimwita mama yangu, kwa Kihaya, mama tuliyemzika mwaka 1989. Jambo hilo lilinisumbua miezi kadhaa, mimi niliyekuwa mzee wa kanisa, hadi nikamweleza mwinjilisti wetu. Akacheka, akaniuliza: "Mwalimu, mtoto akitumbukia kisimani akapiga kelele ya 'mama', baba aliyeko karibu atakaa tu kwa kuwa hakuitwa yeye?"

Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Serikali ilitangaza vifo 17, na kesho yake majeneza yalipangwa uwanja wa Kaitaba watu wakaaga. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo zimesomesha watu wakubwa wa nchi hii, ziliharibika vibaya. Kwangu mimi hakufa mtu. Nyumba yangu ilikuwa ya tofali za kuchoma, haina lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta, na kozi za juu upande wa machweo ziliangukia kitanda nilichokuwa nimejinyoosha adhuhuri ile ile. (Siku hizi ina lenta na nondo, na fundi alinitoza bei ambayo sitaki kuikumbuka.)

Usiku ule ndio ninaotaka mhubiri wetu ausikie. Hakuna aliyethubutu kulala ndani. Tulitandaza turubai la kuanikia kahawa chini ya mwembe wa jirani, tukalala kaya nne pamoja, watoto katikati. Kila ardhi ilipojikuna kidogo, watoto walianza kulia, na sisi wakubwa tukijifanya tunawabembeleza wao. Jirani yangu Mwislamu alikaa kwenye kona ya turubai na tasbihi yake, anarudiarudia maneno kwa sauti ya chini: Hasbunallahu wa ni'mal wakil. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Mungu anatutosha, yeye ndiye mlinzi bora," halafu akaongeza, "lakini natetemeka, dada, we nishike tu mkono." Nikamshika. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la kusagia.

Usiku ukiwa umekwenda sana, tukamwomba babu mmoja wa usharika wetu atuongoze katika sala. Babu yule kwa kawaida akianza kuomba, chai inapoa. Huanza na uumbaji akapitia manabii wote. Usiku huo alisimama, akavua kofia, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Mungu, tuko huku nje." Akakaa chini.

Sijasikia sala ya kuifikia hiyo, na watu wanne tuliobaki wa turubai lile tunaitumia mpaka leo. Mtu akilazwa, tunaambizana hivyo hivyo: tuko huku nje.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa letu lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono, kwa hiyo ibada ilifanyika uwanjani. Ikasomwa Zaburi ya 46, inayosema Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu. Zaburi hiyo naijua kwa moyo tangu kipaimara, lakini siku hiyo ndipo niliposikia kwamba mstari unaofuata una milima inayotetemeka. Na aliyeitunga hasemi kwamba haitatetemeka. Na ile ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana, "Hata lini?" Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, huku akijua anakwenda kumfufua. Mhubiri wetu anayajua yote haya. Yamo kwenye kitabu alichokuwa amekikumbatia.

Mwaka ule wa tetemeko pia alikuja mhubiri mwingine na spika kubwa, akatangaza sokoni kwamba tetemeko limeletwa na dhambi zetu. Nilitazama upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba ya mnunuzi wa butura, anayewanunulia wajane kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa. Haikuwa na hata ufa mmoja. Sikusema kitu. Labda ningesema.

Ombi langu kwa wachungaji, masheikh, na yeyote anayekabidhiwa kipaza sauti msibani: kabla ya kumnyamazisha mfiwa, kizimeni kwanza, mkae naye kwenye nyasi.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimpelekea yule mama mkungu wa ndizi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kweli nilimkosea Mungu nilipolia?" Nilimsimulia kuhusu kisu na ndizi iliyomenywa nusu. Akacheka, akaziba mdomo kwa aibu ya kucheka msibani, na kicheko kile kikageuka kilio, safari hii kikubwa, cha kusikika hadi barabarani. Wifi yake aliyekuwa anafagia uani akaegesha ufagio ukutani, akaja akakaa upande wake wa pili.

Mwalimu mstaafu,
Bugabo, Bukoba Vijijini